Mtu wa Kumpigia Magoti

Bi Honorata alikuja Buzebazeba, mjini Kigoma, kukaa wiki mbili. Alikuja masika, yakaisha. Kiangazi kikaja, vumbi likaipaka migomba rangi ya matofali, nacho kikaisha. Sasa vuli ilikuwa imeanza kubisha juu ya mabati ya binti yake Elida, na yeye bado yuko palepale. Hakuna aliyemfunga kamba. Alifungwa na sofa.

Lilikuwa sofa la zambarau, laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Elida, ambaye ana meza ya vitenge soko la Mwanga, alilinunua kwa ajili yake. "Mama," alimwambia huku akimkalisha, "umeinama vya kutosha. Sasa ni zamu yako kupumzika."

Mtu akiambiwa hivyo na mtoto aliyemzaa mwenyewe atasema nini? Alipumzika. Alipumzika asubuhi, akapumzika mchana, na jioni akatolewa barazani kupumzika huku akitazama wanaotoka kuchoka. Akiinuka kutafuta maji, maji yalishamfikia. Akitaka kufagia, ufagio ulishafichwa. Jiko la mkaa lilipandishwa juu ya meza ya saruji ili asije akajaribiwa kuinama. Mwanamke aliyeanika dagaa kwenye mchanga wa Mwamgongo tangu hajaolewa, aliyekuwa akiinama na kuinuka kama mchi kinuni, akawa kitu cha kufutwa vumbi.

Kutoka barazani, ziwa lilionekana kidogo tu, kipande cha samawati kati ya paa mbili, kama kitambaa mtu alichokiangusha akasahau kukiokota. Kule kwake ziwa lilikuwa mlangoni. Usiku lilimkoromea sikioni kama mume, na asubuhi lilimwamsha kwa harufu yake. Hapa alilitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake kupitia dirisha la hospitali, na jioni nyingine alijikuta analipungia mkono, kisha akajifanya anafukuza nzi.

"Nataka kurudi nyumbani," alisema siku moja.

Elida alikuwa anakunja vitenge. Hakuinua kichwa. "Nani atakupandisha boti, Mama?"

"Nitapanda mwenyewe. Kwani nilianza jana?"

"Ulishuka mgongoni kwa mtu. Nilikuwepo."

Na hilo lilikuwa kweli. Mwezi ule wa masika alikuja akiwa na malaria na presha, vyote vikiwa vimempanda kichwani pamoja, na boti ilipofika ufukwe wa Kibirizi, Meshack, kijana mmoja mwenye mabega kama milango, alimtoa ndani ya boti akambeba mgongoni mpaka nchi kavu. Kibirizi wanaobebwa wanajulikana: wagonjwa, maofisa wasiotaka kulowesha viatu, na wazee. Viatu alikuwa hana. Homa ilishapona siku nyingi. Kilichobaki ni ile sauti ya Meshack akipita katikati ya wauza dagaa, "Pisheni, pisheni, nimebeba bibi!" kana kwamba amebeba kabati.

"Siku utakayopanda boti kwa miguu yako," Elida alisema, safari hii akimtazama, "bila kubebwa, bila kusukumwa, mzigo wako nitaufunga mwenyewe. Kule unaishi peke yako, Mama. Ukianguka nani atajua? Mpaka siku hiyo, utakaa hapa nikuone."

Bi Honorata akasema hilo ni jambo dogo. Akasimama kumwonyesha. Yaani, alikusudia kusimama. Sofa likamvuta chini kwa upole, kama mwenyeji asiyetaka mgeni aondoke kabla ya chakula. Akajaribu tena. Mara ya tatu alishika mkono wa sofa kwa mikono yote miwili, akainuka, akasimama akihema, akisingizia kwamba alikuwa anatafuta rozari yake.

Elida akaendelea kukunja vitenge. Ana adabu, yule binti. Alicheka kwa mabega tu.

*

Siku ya kwenda kliniki kuchukua vidonge vya presha, Bi Honorata alimweleza muuguzi habari ya magoti, naye akamwelekeza chumba cha pili, kwa Happiness. Huyu alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mwembamba mwenye raba nyeupe zisizoonyesha kama zimewahi kukanyaga Kigoma. Alimkalisha kwenye kiti cha mbao, akamwambia akunje mikono kifuani, kisha asimame.

Bi Honorata akaegemea mbele, akaguna, akarudi kitini kwa kishindo.

"Tena, Bibi."

"Tena nini? Kwani hapo nimekwenda?"

"Ndiyo mazoezi yenyewe. Kila siku unakaa, unasimama. Ukichoka unapumzika, unarudia. Kiti kiwe kigumu, si sofa. Na mtu awe karibu."

"Nikishasimama niende wapi?"

"Huendi popote, Bibi. Unakaa tena."

Bi Honorata akamtazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, kusimama bila kwenda na kukaa bila kuchoka, kwetu hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya mtu kuugua kichwa."

Happiness akacheka mpaka akafunika mdomo. Akachuchumaa mbele yake, akayashika yale magoti kama mtu anayepima maembe. "Haya hayajafa. Yamesahau tu kazi. Misuli ya mtu mzima, usipoituma, inadhani imestaafu."

"Na mawese? Elida amenikataza, anasema yatanipeleka kaburini. Bibi yangu mimi alikula mawese mpaka akazikwa hana jino hata moja, lakini magoti alikuwa nayo."

"Kula, lakini kidogo. Chumvi ndiyo uipunguze, hasa dagaa wa chumvi. Na vidonge usiache ati kwa sababu leo unajisikia vizuri."

"Jirani yetu ananinywesha unga wa mlonge kila asubuhi. Mwingine anasema ndimu na kitunguu saumu. Mwingine anasema nilale mchana, mwingine anasema kulala mchana ndiko kunakozeesha. Nimsikilize nani?"

"Msikilize anayekuambia uinuke."

"Nikifanya yote hayo, nitaishi mpaka lini?"

Binti akafikiri, akajibu bila haraka. "Hilo sijui, Bibi. Ila mtu akishindwa kuinuka mwenyewe, hiyo miaka yote ataihesabu akiwa amekaa."

Maneno hayo yalimfuata Bi Honorata mpaka nyumbani, yakaketi naye kwenye sofa. Alikitazama kiti kigumu cha jikoni. Akakiona hakina maana. Maisha yake yote hakuwahi kuinama bila sababu. Aliinamia dagaa, aliinamia jembe, aliinamia figa na mtoto. Aliinamia watu pia. Na alipofika kwenye hao watu, mawazo yake yakakwama hapo, yakakataa kuendelea.

Kwao Mwamgongo, kama kwa Waha wote waliolelewa wakaleleka, mdogo hakumwamkia mkubwa akiwa wima kama mlingoti. Aliinama, akakunja magoti mpaka yakakaribia vumbi, akapiga viganja taratibu: mwakeye, ndiyo shikamoo ya Kiha, na mkubwa huitikia neno lilelile. Na mkubwa hakuwa na haraka. Alimuulizia baba, akamuulizia mama, akaulizia shamba, mbuzi, wale walioolewa mbali na wale waliogombana, na wewe uko chini, unajibu, unasubiri mpaka aridhike. Honorata alipoolewa, kijiji kizima kilikuwa kikubwa kwake. Kutoka mlangoni mpaka kisimani alipiga magoti kwa wakwe, kwa mashangazi wa wakwe, kwa vizee vilivyokaa njiani makusudi ili viamkiwe.

Kisha wakaanza kuondoka. Leo mmoja, mwakani wawili. Njia ya kisimani ikawa nyepesi, akafika haraka, akafurahi kwamba anafika haraka. Wa mwisho alikuwa shangazi wa marehemu mumewe, kizee kilichopenda kuuliza habari za mbuzi waliokufa zamani. Walipokizika, Honorata alirudi nyumbani akitembea wima, na hakujua kwamba jioni ile ndipo alipozeeka. Mvi alikuwa nazo tangu zamani, hazikumsumbua. Uzee ulikuwa ni kutazama kijiji kizima, nyumba hadi nyumba, usione mtu wa kumwamkia. Hata kanisani, katekista alishatangaza kwamba wazee wasijisumbue kupiga magoti, wakae tu, Bwana anaona moyo. Ikawa hata Mungu amemruhusu asiiname.

"Kumbe," alisema kwa sauti, peke yake, "magoti yangu yameuawa na heshima."

*

Asubuhi iliyofuata alianza dawa yake mwenyewe. Akatoka nje akishika ukuta, akavuka njia hadi kwa Shadia, jirani anayekaanga maandazi, mwanamke mwenye umri wa Elida na sauti ya watu watatu. Akafika mbele ya karai, akainama, akakunja magoti, akapiga viganja.

Koleo likamtoka Shadia mkononi. "Mama Elida! Unataka nife? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nakuamkia."

"Mzazi hampigii magoti mtoto, hiyo ni laana! Inuka, inuka, maandazi yanaungua!" Akambeba kwa makwapa, akamsimamisha, na tangu hapo akaapa kwamba atamwongezea mlonge.

Bi Honorata hakukata tamaa. Akapita kijana wa bodaboda, Elikana, aliyezoea kumpeleka kliniki. Akamwinamia. Elikana, ambaye amelelewa Mwandiga na bibi mkali, alizima pikipiki, akaruka, na kwa kuwa mdogo hawezi kuwa juu ya mkubwa, naye akapiga magoti. Bi Honorata akashuka zaidi, Elikana akashuka zaidi. Mwisho wote wawili walikuwa vumbini wanatazamana, mmoja hawezi kuinuka kwa adabu, mwingine hawezi kuinuka kabisa. Shadia akaja tena na makwapa yake.

Kufikia jioni mtaa ulikuwa na habari tatu: kwamba Mama Elida ananyimwa chakula kwa hiyo anaomba, kwamba ameanza kupotea akili, na kwamba anatubu dhambi ambayo lazima iwe kubwa. Elida alirudi kutoka sokoni na habari zote tatu mkobani.

"Mama, unanitia aibu. Watu wanasema sikulishi!"

"Waambie unanilisha mpaka nimeshindwa kusimama."

"Ukitaka kupiga magoti, si umpigie basi mtu mkubwa kwako!"

Elida alisema kwa hasira, akaenda kuoga. Mama yake alibaki na lile neno, akaligeuza kinywani kama kipande cha muwa. Mkubwa kwake. Buzebazeba nzima, ni nani? Macho yake yakavuka njia, yakampita Shadia, yakatua barazani nyuma ya karai, kwenye cherehani, na kwa mtu aliyekuwa nyuma ya cherehani.

Mzee Dunia alikuwa baba mkwe wa Shadia. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, yeye akazaliwa Ujiji, akajifunza ushonaji kabla ya kuota ndevu, na mpaka leo alikuwa anakanyaga cherehani yake ya miguu kutwa, mkanda ukilia kama nyenje. Hiyo miguu ilikuwa ya kijana. Ndevu pia zilikuwa za kijana, kwa kuwa kila Alhamisi alizipaka piko, rangi nyeusi. Mkewe alifariki miaka kadhaa iliyopita, na Mzee Dunia alikuwa hajafunga mlango wa kuoa tena, ingawa hakuna aliyekuwa anabisha. Kwa sababu hiyo umri wake ulikuwa siri ya serikali. Tangu Bi Honorata ahamie hapo, kila asubuhi yeye ndiye aliyetangulia: "Shikamoo, dada." Naye Honorata, bila kufikiri, alijibu marahaba. Miezi yote ile alikuwa anampa bure kitu ambacho sasa alikihitaji kuliko vidonge.

Kesho yake aliwahi. "Shikamoo, kaka," alisema, akaanza kushuka.

Cherehani ikanyamaza. "Kaka gani? Shikamoo wewe, dada yangu."

"Nimekuwahi."

"Salamu haiwahiwi kama kiti cha basi. Shikamoo, dada yangu mkubwa. Inuka, utaniletea mkosi."

"Wewe ndiye mkubwa. Tazama kisogo chako."

"Kisogo ni cha ukoo wetu! Tunazaliwa nacho hivyo."

"Jamani," Shadia akapiga kelele kutoka kwenye karai, "mmoja aitikie! Wateja wanadhani mnagombana!"

Vita hivyo viliendelea juma zima. Mzee Dunia akawa anamwona akivuka njia tu, anafyatua shikamoo kutoka mbali kama mtu anayemfukuza kunguru. Akaanza hata kujificha ndani. Watu wazima wengine hugombania ukubwa ili wapewe kiti cha mbele. Hawa wawili waligombania udogo, kila mmoja na sababu yake, na mtaa mzima ulifaidi burudani isiyo na kiingilio.

Bi Honorata alibadilisha mbinu. Alimpelekea kitenge kilichochanika, akakaa kwenye kigoda kando ya cherehani, akaulizia ushonaji. Kisha, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Kaka Dunia, ule mwaka ziwa lilipopanda, si huu wa juzi, ule wa zamani, lilipomeza mashamba ya watu, mimi nikiwa kitoto cha kutumwa maji, wewe ulikuwa wapi?"

"Mgongoni kwa mama," alijibu Mzee Dunia papo hapo. Jibu lilikuwa limepigwa pasi tayari.

"Ahaa." Akaisifu mishono. Akaisifu mikono. "Hizi suruali za siku hizi zinakaba, hazina fundi. Wewe nani alikufundisha kukata suruali ikakaa hivi?"

Basi hapo Mzee Dunia akasahau kila kitu. Kuna watu ukiwasifu kazi yao watakupa hata ufunguo wa nyumba. "Suruali? Dada, usiniambie habari za suruali! Usiku wa Uhuru, pale Ujiji, ngoma zinalia mpaka alfajiri, mimi nimevaa suruali ndefu nyeupe niliyoishona mwenyewe kwa mkono huu. Nyeupe! Nikipita, wasichana wanasahau hatua!"

Mafuta yalisikika yakichemka kwenye karai. Shadia alikuwa ameacha kugeuza.

"Usiku wa Uhuru," alisema Bi Honorata.

"Ndiyo," alisema Mzee Dunia, kwa sauti ya mtu aliyesikia mlango ukifungwa nyuma yake.

"Na ziwa lilipanda baada ya Uhuru."

Mzee Dunia akashika mkasi, akaurudisha mezani.

"Kwa hiyo, kaka, baada ya ngoma ulirudi tena mgongoni kwa mama, ukiwa na ile suruali nyeupe?"

Shadia alikaa chini. Hakukaa kwa kupenda, miguu ilikataa. Alicheka mpaka wateja wakajihudumia wenyewe. Mzee Dunia alitazama sindano yake, akatazama barabara, akapapasa zile ndevu nyeusi tii, mwisho naye kikamtoka kicheko kikavu cha mtu aliyeshikwa karibu na kwake.

"Unataka nini kwangu, mwanamke wewe?"

Akamwambia. Ziwa, boti, mgongo wa Meshack, sofa, na maneno ya binti wa raba nyeupe. Mzee Dunia alisikiliza bila kukanyaga.

"Haya," alisema. "Kama ni ukubwa, nitakuwa mkubwa kweli kweli. Usije ukalia."

*

Asubuhi ya kwanza alijibu marahaba, basi, mambo yakaisha kabla magoti hayajapata moto. Bi Honorata akamgombeza kutoka huko chini. "Ndivyo mnavyoamkiana kwenu? Uliza habari! Uliza watu!" Akamfundisha. Na Mzee Dunia, ambaye Kiha chake kilikuwa cha sokoni tu, aligundua kwamba amekabidhiwa fimbo.

"Mwakeye," alisema asubuhi ya pili, akiegemea cherehani kwa raha. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, kaka."

"Na Elida?"

"Hajambo."

"Na vitenge vyake?"

"Vi... vizima."

"Na huko Mwamgongo, samaki wenu wale migebuka, hawajambo?"

"Hawajambo!" Magoti yanatetemeka, mkono mmoja umeshika mguu wa kigoda.

"Na dagaa? Sijasikia habari za dagaa. Tuanze na wale wadogo."

"Dunia, nitakufa hapa!"

"Mkubwa hatajwi jina. Na upepo wa kusini, unaendeleaje?"

Shadia alikuwa karibu siku zote, kama alivyoagiza Happiness, ingawa yeye alidhani yuko pale kwa ajili ya kucheka. Mwanzo Bi Honorata aliinuka kwa kushika kigoda. Baadaye kwa kushika kidole cha Shadia, kidole tu. Akaanza kwenda pia jioni, kwa kisingizio kwamba mkubwa haachwi alale bila kuamkiwa. Ufagio ukaonekana, sijui nani aliufichua. Jiko likashuka kutoka mezani. Elida aliona, akazidi kuona. Siku moja alimkuta mama yake ameinuka kwenye sofa la zambarau akiwa na kikombe cha chai katika mkono mmoja na andazi katika mkono wa pili, na chai haikumwagika. Elida aligeuka kutazama ukuta.

Kulikuwa na kitu kingine ambacho hakuna aliyekisema. Alhamisi moja Mzee Dunia hakupaka piko. Alhamisi iliyofuata pia. Mstari mweupe ukaanza kuota kidevuni kama alfajiri, na Bi Honorata, aliyeuona wa kwanza kwa kuwa alikuwa chini akitazama juu, hakumtania. Alishangaa mwenyewe kwamba hakumtania.

"Ukienda," Mzee Dunia alimwambia jioni moja, akitunga uzi kwa taabu, macho yakiwa karibu yaguse sindano, "mimi nitarudi kuwa kijana. Nakuonya."

"Rudi. Nani kakuzuia?"

"Hakuna raha huko," alisema Mzee Dunia, na cherehani ikalia.

*

Siku yenyewe mvua ilikuwa imepita usiku, ziwa limetulia, milima ya Kongo imesogea karibu kama watu wanaotaka kusikiliza. Elida alifunga mzigo kwa mikono yake, kama alivyoahidi. Vidonge vikawekwa juu kabisa. "Kila mwezi unarudi kuchukua vingine," alisema. "Na simu uwashe."

"Kila mwezi," Bi Honorata alikubali. Alishapiga hesabu: kwenda boti, kurudi boti. Dawa ndani ya dawa.

Mzee Dunia hakutokea kuaga. Shadia alisema tangu alfajiri cherehani inalia, hataki kusemeshwa. Bi Honorata akasema sawa. Mpaka Kibirizi alikuwa anageuka kutazama nyuma.

Ziwa lilikuwa limekula ufukwe, na boti za Mwamgongo zilisimama pale ambapo zamani watu walianika dagaa. Maji yalifika magotini, na ukingo wa boti ulikuwa kifuani. Meshack alimtambua kutoka mbali.

"Bibi! Kiti chako hiki hapa," akageuza mgongo, akajipigapiga bega.

"Kikalie mwenyewe," alisema Bi Honorata.

Akapandisha kitenge, akaingia majini. Elida alimfuata nyuma, mikono imetangulizwa mbele kama mtu anayemfukuza kuku, akakumbuka masharti yake mwenyewe, akairudisha. Bi Honorata alishika ukingo. Akakunja magoti, akashuka ndani ya maji kama anaulizwa habari za dagaa wale wadogo, kisha akajisukuma. Goti moja likapita ukingo. Likakwama. Watu ndani ya boti wakanyoosha mikono, akawafokea waache. Kwa muda mrefu alining'inia hapo, nusu ya ziwa na nusu ya safari, kitenge kinachuruzika, na ufukwe mzima ukiwa umeacha kupima samaki. Kisha mwili ukakubali, ukapinduka, akaanguka ndani juu ya kiroba cha unga wa muhogo, miguu juu.

Ukatokea unga mweupe, na kutoka kwenye unga sauti: "Elida! Umeona?"

"Nimeona, Mama." Elida alikuwa analia na kucheka. "Nimeona kila kitu, mpaka gaguro."

"Sharti lilikuwa kupanda. Hukusema nipande vizuri."

Ndipo pikipiki ya Elikana ilipofika ikipiga honi, na nyuma yake Mzee Dunia, kanzu na viatu vya ngozi, kifurushi kimekumbatiwa kifuani. Boti ilikuwa imeshaanza kusukumwa. Akafika ukingoni mwa maji, akatazama viatu, akatazama yale maji, akatazama boti inavyoachana na nchi. Meshack akamsogelea, safari hii bila kelele.

"Mzee, nikubebe?"

Ufukwe wote ulimwona Mzee Dunia akisimama pale. Wauza dagaa walimwona, na wajane watatu kati yao. Wanaobebwa Kibirizi wanajulikana. Alitazama ndani ya boti, kwa yule mwanamke aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi. Kisha akasema, "Haraka basi, asiondoke," akapanda mgongoni.

Meshack aliingia majini mpaka kiunoni. Kifurushi kikapita juu ya ukingo. Ndani yake kulikuwa na gauni la kitenge, limekatwa pana chini kuliko magauni yote.

"Nimeliachia nafasi ya magoti," alisema kutoka juu ya mgongo, ndevu zake nyeupe zikichezewa na upepo. "Usije ukasingizia nguo."

Bi Honorata alishika gauni. Kisha, boti ikiwa inayumba na nahodha akimwambia akae, akaweka mkono mmoja kwenye ukingo, akainama, akakunja magoti. "Shikamoo, kaka."

"Mwakeye," alijibu Mzee Dunia, akijiweka sawa juu ya mabega ya Meshack kama mtu mwenye siku nzima. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na magoti?"

"Hayajambo, kaka."

"Na migebuka?"

Injini ikakohoa, ikashika. Maji yakafunguka kati yao, na midomo ya Mzee Dunia ikaendelea kwenda, anauliza, anauliza, Meshack amesimama chini yake kama mwamba, hata sauti haifiki tena.

"Bibi, kaa chini, utaanguka," alisema nahodha.

"Subiri," alisema Bi Honorata kutoka huko chini alikokunja magoti. "Bado hajamaliza kuniuliza."